Kamba ya Nguo ya Bi Somoe

Rehema mwanangu,

Naiandika kwa mkono. Umeme upo, kompyuta ipo, printa imejaa wino, lakini nimechapa barua za watu miaka mingi na nimechoka kuona maneno yanavyotoka yamenyooka kushoto na kulia hata yakiwa ya uongo. Mwandiko wangu mbaya, unaujua. Angalau utaona mahali nilipokata na mahali mkono ulipokataa.

Sitaandika "dhumuni la barua hii". Hiyo nimewachapia wengi waliokuwa hawana dhumuni lolote zaidi ya kumsumbua mtu ofisini. Hali yako nayo sikuulizi, maana asubuhi tumekunywa chai pamoja. Sasa ni alasiri, wewe uko Kawe kumuaga shangazi yako kabla ya safari ya kesho, na mimi nimefunga steshenari mapema nikatundika kile kibao cha "Nimetoka" ingawa nimo ndani. Ukisukuma mlango utanikuta nimekaa kwenye kiti cha wateja.

Ya chandarua na maji ya kuchemsha nayaruka. Una miaka ishirini na sita, na siku hizi wewe ndiye unayenikagua mimi kama nimemeza dawa za presha. Nina jambo moja, nimejaribu kulisema kwa mdomo mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa juzi, ulipokuwa unakunja nguo, nikaishia kukuuliza kama umechukua sweta. Sweta, Mikindani, kwenye joto lile. Ulinicheka mpaka ukakaa chini, nami nikacheka na wewe, kisha nikaenda chooni nikatapika. Ukadhani ni dagaa.

Bi Somoe hakwenda Kimbiji kupumzika. Nilikudanganya. Kimbiji yupo kweli, kwa mpwa wake, lakini amefika huko kwa kufukuzwa. Wiki tatu zilizopita Faridi mwenye nyumba alitia kufuli mlango wa uani, vyombo vya Bi Somoe vikatolewa nje, na sababu aliyoonyeshwa ni makala yako ya mtandaoni kuhusu nyumba ile. Alhamisi hii baraza la kata linasikiliza shauri lake. Faridi atakwenda na karatasi mbili. Moja ni kile kijitabu cha historia ya nyumba, ya pili ni makala yako pamoja na picha uliyoipiga. Kijitabu, Rehema, sikukichapa tu kama nilivyokwambia. Nilikitunga.

Ngoja nipumue kidogo.

Wewe hupenda makala ianze na jengo lenyewe, watu wafuate baadaye. Basi nianze na jengo. Ile nyumba ya mawe unaijua kuliko ninavyoijua mimi, umeipima kuta na kuhesabu boriti. Lakini aliyezichonga na kuzipandisha zile boriti hukumwandika. Alikuwa fundi kutoka Mikindani, babu yake Bi Somoe, aliyechoma chokaa yake mwenyewe kwa mawe ya pwani hapa hapa Kunduchi. Mwenye nyumba wa kwanza, mfanyabiashara, baba wa babu yake Faridi, hakuwa mtu mbaya. Siku nyumba ilipokwisha alisimama uani mbele ya watu akasema vyumba viwili vya nyuma ni vya fundi na kizazi chake, kwa sharti moja tu: kila mwaka, masika yakiisha, waipake nyumba nzima chokaa, mbele na nyuma. Hakuna aliyeandika. Waliosikia walikuwa wengi, hawakuona haja. Na wote wameshakufa.

Sharti lilitimizwa. Babu alipaka, baba akapaka, na Bi Somoe namwona kwa macho yangu akipaka tangu nilipofika Kunduchi na mimba yako tumboni. Na umri ule, juu ya ngazi ya miti, kanga kaifunga kiunoni, ndoo kaining'iniza kwa kulabu. Umesahau ng'ombe wako? Ulikuwa na miaka mitano, ukamchora kwa mkaa kwenye ukuta uliopakwa siku ile ile. Nilitoka mbio na kiatu mkononi. Bi Somoe akanizuia. "Muache mtoto. Masika yakija huyo ng'ombe atakwenda zake." Akamwacha mwaka mzima, na kila aliyepita uani alionyeshwa.

Kwa hiyo sikuandika nikiwa sijui. Hilo nalisema mapema usije ukanitafutia udhuru.

Nataka ujue uchafu huu ulivyoanza, kwa sababu haukuanza na Faridi. Ulianza na wasifu wa marehemu. Mtu akifiwa alikuja dukani na vikaratasi, tarehe hazieleweki, majina ya watoto wengine yameachwa kwa makusudi, naye analia. Nikawa namsaidia. Mlevi nikamwandika "mcheshi na mpenda watu". Mwanamume aliyempiga mkewe mpaka akampotezea sikio nikamwandika "baba mwenye msimamo". Watu walinishukuru. Wakanisifu kwamba Mama Rehema ana maneno, na mimi nikavimba kichwa. Nikawa nawapaka marehemu mafuta, na waliowajua vizuri wanakaa kwenye mikeka wanasikiliza na kuinamisha macho.

Wa baba yako niliuandika pia. Unakumbuka siku ya arobaini yake, ulivyosimama na lile gauni la bluu ukausoma mbele ya watu? Ulikuwa na miaka kumi. "Alikuwa kipenzi cha familia yake na hakuwahi kuiacha." Alikuwa hajalala kwetu miaka sita. Ulipofika pale ulinitazama, ukanyamaza kidogo, halafu ukaendelea kusoma. Kile kimya chako ninacho mpaka leo. Nilikufanya mtoto wangu useme uongo kwa sauti nzuri, na baadaye nikakununulia soda.

Basi Faridi alipokuja, alikuta mkono umeshazoea. Alikuja na heshima zake zote. "Shikamoo mama. Familia yetu inakutana Idi, nataka tuwe na kijitabu cha historia ya nyumba, kila mtu aondoke nacho." Nikamwambia alete maandishi nichape. Akasema hana maandishi. Kisha akasema lile neno, na naliandika hapa kwa aibu kubwa: "Wewe si mchapaji, mama. Wewe ni mwandishi bwana, watu wote wanasema."

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Usiku sikupata usingizi, na si kwa sababu ya mbu.

Nikanunua daftari jipya, nikaenda kwa Bi Somoe, nikakaa naye siku mbili. Alinieleza yote, ya tanuri la chokaa, ya babu yake kuvunjika mguu, ya maneno yaliyosemwa uani. Niliandika kama alivyosema. Rasimu ya kwanza ilikuwa ya kweli, Rehema, na ilikuwa nzuri. Faridi akaisoma amesimama hapa kaunta, kalamu nyekundu mkononi. Alipofika kwa fundi akapiga mstari.

"Hapa pa nyuma, mama, patatuletea ishu baadaye. Andika tu ilikuwaga stoo."

"Na fundi je?"

"Mafundi waliletwa kutoka ng'ambo. Inapendeza zaidi."

Sikubishana naye. Ningependa kukuambia nilibishana. Nilikaa jioni hiyo hiyo nikaandika kwamba vyumba vya nyuma vilikuwa stoo, nikaona sentensi imekaa kavu, nikaongeza "ya karafuu". Karafuu hakuna aliyeniambia. Faridi hakuniomba. Niliziweka mwenyewe kwa sababu zilipendeza, nikaisoma kwa sauti nikafurahi peke yangu kama mpumbavu. Jina langu sikuliweka. Ukiuliza kwa nini, basi ndani yangu nilijua.

Sasa ile Jumamosi yenu. Miaka miwili imepita, masika yalikuwa yameisha. Mlikuja vijana wanane wa kujitolea, na kamera zenu na fulana zenu za aina moja, kuandika majengo ya kale kwenye ile kamusi elezo ya mtandaoni. Nilikuwa na fahari ya kupasuka, mwanangu anaongoza wenzake. Nikabeba maandazi nikaja kuwatazama. Bi Somoe alikuwa katikati ya kazi yake, ukuta wa uani nusu mweupe nusu bado, ndoo ya chokaa chini, na kwenye kamba kaanika kanga mbili, shuka na lile gauni lake la kijani. Godoro lilikuwa juani. Mlimwamkia vizuri wote, hilo nalikumbuka. Wewe ulipiga picha moja pale pale mlangoni ulipoingia, ukasema unapima mwanga.

Ndipo Elia, yule mwenzako mrefu, akasema kwa adabu, "Bibi, samahani, hizi nguo tunaweza kuziondoa kidogo? Zinatuharibia fremu."

Bi Somoe alitaka kushuka kwenye ngazi. Nikamwambia asihangaike. Mimi ndiye niliyeanua. Nguo zilikuwa mbichi bado, nikazirundika kwenye beseni, nikaifungua na kamba yenyewe, nikalificha beseni nyuma ya tangi. Godoro nikaliegemeza huko huko. Ndoo na burashi nikavisogeza kwa mguu. Nilifanya haraka na kwa bidii, Rehema, huku natabasamu. Bi Somoe alikuwa ameshashuka, mikono imejaa chokaa, akatazama uani pake palipokuwa peupe, akaniuliza:

"Na mie nisimame wapi?"

"Kaa pembeni kidogo, Bi Somoe. Dakika moja tu."

Akaenda kusimama chooni. Hapakuwa na mahali pengine nje ya picha yenu.

Mlipomaliza aliwasimulia yote aliyonisimulia mimi. Mlimsikiliza, Elia akaandika kwenye simu yake, na mwisho akasema, "Bibi, sie tunakuamini kabisa. Ila bila chanzo kilichochapishwa, wenzetu watafuta." Sheria yenu hiyo naielewa. Bila hiyo kila mtu angeandika kwamba babu yake alikuwa sultani. Lakini nilimwona Bi Somoe akijaribu kuelewa ni kitu gani hicho ambacho hana, akatazama hata mikono yake. Wewe ukasema kwa furaha, "Kipo kijitabu nyumbani, mama alikichapa." Nami nilikuwa hapo, hatua tatu kutoka ulipokuwa, na sahani ya maandazi. Nikawakaribisha maandazi.

Hilo si baya kuliko yote. Baya kuliko yote ni jioni yake, nalo unalijua ila hujui kuwa ndilo. Ulikuja jikoni na kijitabu mkononi. Uso wako haukuwa sawa. Ukaniuliza, "Mama, Bi Somoe anasema babu yake ndiye aliyejenga na vile vyumba ni vyao. Hapa pameandikwa stoo. Kweli ni ipi?"

Nilikuwa nakatakata bamia. Sikugeuka hata. Nikasema, "Wazee bwana. Huchanganya mambo."

Maneno manne. Ulikuwa umefika penyewe kabisa, umebakiza kushikwa mkono tu, na mimi mama yako nikakurudisha. Ukaenda ukaandika. Wewe hukuandika uongo, uliandika kilichokuwa na chanzo, na chanzo kilikuwa kinakatakata bamia. Hakuna siku niliyojionea kinyaa kama hiyo, ingawa siku yenyewe sikuhisi kitu, nilikula nikalala. Kinyaa kimenijia baadaye na sasa hakiondoki. Nikiosha mikono nakiona, nikiwasha printa nakisikia.

Makala ikapendwa. Ikachaguliwa makala bora, na kwa ajili yake watu wa mradi wa majengo ya kale wa Mikindani wakakuona, na kesho unakwenda. Watu wakaanza kuja kuitazama nyumba. Siku moja nilimkuta Elia amewaleta wageni, amesimama kwenye mlango wa chumba cha Bi Somoe, amefumba macho, anavuta pumzi. "Mnaisikia? Mpaka leo harufu ya karafuu haijatoka." Na wale wageni wakavuta pumzi, wakakubaliana kwamba wanaisikia. Humo ndani hapajawahi kuwekwa karafuu hata ya pilau, maana Bi Somoe karafuu zinamuumiza kichwa. Nilitoka nikatema mate njiani mbele ya watu, mtu mzima mimi.

Na pale mlipoandika kwamba kuta "zimetunzwa vizuri na familia ya mwenye nyumba", nafikiri hiyo pia ilitoka kwangu, ukurasa wa saba. Familia hiyo haijawahi kushika burashi.

Mwezi uliopita Faridi akaja na flashi. Siku hizi anataka nyumba iwe ya wageni, na vyumba vya uani anavitaka viwe baa ya juisi. Akaomba nimchapie makala yako na picha kwa rangi, nakala mbili, na niziweke plastiki. Zikatoka kwenye mashine yangu zikiwa bado za moto. Nikapaona uani pale, peupe, patupu, pazuri kweli, hakuna kamba, hakuna ndoo, hakuna mtu. Akaniambia bila kuficha, kwa sababu ananihesabu mwenzake. "Huyu bibi nitasema aliingia mwaka jana tu, nilimhifadhi kwa huruma. Picha si hii? Kulikuwa na mtu hapo?"

Nikazivisha plastiki, Rehema. Nikapitisha na kidole pembeni kuhakikisha hakuna mapovu. Nilijiambia kwamba baraza lina akili zake, kwamba si juu yangu, kwamba wewe unakaribia kusafiri na jambo hili lisikuharibie. Mama akitaka kufanya uovu, mtoto ndiye sababu ya kwanza anayoishika.

Jumanne iliyopita sikwenda Kariakoo kununua karatasi kama nilivyosema. Nilivuka kwenda Kigamboni, nikachukua bodaboda mpaka Kimbiji, barabara ile imenimaliza mgongo. Nilimkuta Bi Somoe uani kwa mpwa wake, amekaa juu ya ndoo yake ile ile ya chokaa kaipindua. Nyumba ya mpwa ni ya tofali za saruji, haitaki chokaa. Nikamwamkia. Akaniitikia vizuri kama siku zote, akaniuliza habari zako, akauliza kama umeshaanza kula vizuri au bado ni soda na chipsi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nayataka.

Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema, "Hawakunitoa kwa nguvu, mwanangu. Faridi alikuja na adabu. Alinionyesha karatasi. Kusoma sijui, ila nyumba nikaitambua, ndo yenyewe, ukuta niliokuwa napaka siku ile. Nikajitafuta mie. Nikatafuta hata kamba yangu. Nikaona kweli, hapa sipo."

Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Hivi Rehema ndo aliyepiga?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi sawa. Rehema hawezi kunionea."

Hapo ndipo ilipobidi nimweleze. Nilimweleza yote, kijitabu, karafuu, bamia, plastiki. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikwangua chokaa kwenye kucha ya dole gumba, muda mrefu, akaniambia nikimbilie pantoni kabla foleni haijawa ndefu. Hakusema amenisamehe na mimi sikumuomba. Aliponigeukia mara ya mwisho ilikuwa kunikumbusha nisisahau mwavuli.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyofanya. Alhamisi nitakwenda kwenye baraza. Ninalo lile daftari la siku mbili, na ninayo rasimu ya kwanza yenye mistari myekundu ya Faridi, nilivificha chini ya rimu za karatasi, sijui kwa nini sikuvichoma. Nitasimama niseme kijitabu nimekitunga mimi, na uongo wake uko ukurasa gani na gani. Watanicheka Kunduchi nzima. Waliofiwa wote niliowaandikia wataanza kujiuliza. Na wajiulize.

Lakini nitakuwa mwanamke mmoja na daftari, na yeye atakuwa na picha iliyovishwa plastiki. Watu huamini picha. Ndiyo maana nakuandikia leo, na ndiyo maana barua hii naiweka juu ya begi la kamera, si chini ya nguo, usije ukaisoma ukiwa umeshafika Lindi.

Ile picha ya kwanza, uliyosema unapima mwanga. Kanga mbili, shuka, gauni la kijani, godoro, ndoo. Bi Somoe juu ya ngazi, burashi mkononi, amegeuza shingo kukutazama. Mimi niliiona siku ile ulipokuwa unachagua kwenye kompyuta yako. Ulisema imechafuka. Nakujua, wewe huwa hufuti kitu, utakuwa nayo, na itakuwa na tarehe na saa yake, dakika chache tu kabla ya ile nyingine. Haihitaji kijitabu wala mtu wa kuithibitisha. Ukuta ni ule ule, nusu mweupe.

Sikuamuru uiweke kwenye makala. Siku za kukuamuru nilikuwa nazo nikazitumia kwa bamia. Nataka tu ujue itakugharimu nini, kwa sababu wewe hakuna aliyekuambia kitu kabla ya kuandika. Ukiiweka, na ukaeleza kwa nini kijitabu si chanzo, watakuuliza ulijuaje, na jibu ni kwamba aliyekitunga ni mama yako. Makala bora huenda ikavuliwa ubora wake. Wa Mikindani huenda wakakutazama kwa jicho jingine siku ile ile unayofika. Elia atakasirika, hasa kwa zile karafuu. Unaweza ukafika huko, kwenye mji alikotoka yule fundi, ukawa mtu anayenyooshewa kidole. Nimelipima hilo wiki nzima na bado nakuomba. Kama huwezi kuiweka, basi nichapie moja tu kabla ya basi kuondoka, uiache kaunta. Nitaibeba hivyo hivyo bila plastiki.

Na kama utanichukia, nichukie kwanza ukiwa safarini, njia ni ndefu, itakutosha. Usije ukanipigia simu kunifariji. Sitaki. Nimefarijiwa kwa maneno mazuri maisha yangu yote, mengi nilijiandikia mwenyewe.

Ukifika Mikindani, kabla hujapiga picha nyumba yoyote, ingia uani uulize nani anapaka chokaa. Nguo zikiwa kwenye kamba, ziache.

Pale chini ya makala yako, kwenye orodha ya vyanzo, umeandika "Mwandishi hajulikani". Yaondoe hayo. Anajulikana. Alhamisi Bi Somoe ataingia kwenye chumba kilichojaa watu wasiomjua, na namfahamu, ataniuliza tena asimame wapi. Safari hii nataka nimwambie: hapa katikati, mbele yangu.

Mama yako,
Hadija binti Selemani,
mwandishi wa kijitabu.